Siku Betri ya Nkingwa Ilipovimbiwa

“Hata betri huvimbiwa.” Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana shuleni, mwalimu alipokuwa akizungumza na baba yenu, anayetaka mtoto mmoja asome tuisheni tatu kwa siku. Nyinyi mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza betri ina tumbo gani hata ivimbiwe. Basi sogeeni, mnisaidie kubambua karanga hizi. Methali hii hatukuachiwa na mababu. Ilizaliwa hapa hapa Ibushima, mimi nikishuhudia, na chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule mdondo ulipita katika kuku wetu. Mnajua mdondo: asubuhi kuku kajikunyata, jioni unafukia. Ulipokwisha, kijiji kizima hakikuwa na jogoo wa kuwika. Tulikuwa tukiamshwa na simu.

Mdogo wangu Milembe ndiye aliyetutoa kwenye huzuni ile. Alishawishi nyumba ishirini tushirikiane kupata mashine ya kutotolesha vifaranga, na ikawekwa nyumbani kwake. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika kwetu, kwa hiyo mashine ililishwa na jua. Juu ya bati kulikuwa na paneli mbili, chumbani betri kubwa, na katikati yao kile kisanduku chenye vitaa tunachokiita kontrola. Fundi Holo, msichana kutoka Nzega, ndiye aliyefunga vyote. Mayai tuliyatafuta vijiji vya mbali ambako ugonjwa haukufika. Kila nyumba ilileta kumi na mawili na kuyaandika jina lake kwa penseli. Yakawa mia mbili na arobaini. Tukayapanga ndani ya mashine, tukaanza kuhesabu siku ishirini na moja.

Sasa, Milembe alikuwa na mume, shemeji yangu Nkingwa. Mtu mwema mno, na mkarimu mpaka anachosha. Ukifika kwake umeshiba, utakula. Ukila, utaongezwa. Ukikataa kuongezwa, atakuuliza nani amekukosea nyumbani kwake. Hata mbuzi wake walikuwa wakitembea kwa kuhema.

Siku ya kumi na mbili Milembe aliitwa kwenda kumwangalia mama yetu aliyekuwa anaumwa. Alimwachia mumewe mashine. Nkingwa akaona hii ndiyo nafasi ya kumfurahisha mkewe. Akaazima paneli nyingine mbili kwa ndugu yake, akazipandisha juu ya bati, akaziunganisha pamoja na zile za kwanza.

“Jua ni la Mungu,” aliniambia. “Kwa nini tulichote kwa kijiko?”

Saa sita mchana kontrola ikawa ya moto kama kikaango. Ikawasha taa nyekundu, ikajizima. Akangoja ipoe, ikawaka tena, ikachemka, ikajizima. Nkingwa akaichukia kabisa.

“Shemeji, ona choyo hiki!” alisema. “Jua liko utosini, na chenyewe kinasema basi. Betri itakufa njaa kwa ajili ya hiki kisanduku?”

Akaing’oa ukutani. Nyaya za paneli akazipeleka moja kwa moja kwenye betri, zile za mashine akazifunga hapo hapo. Nami, niwaambie ukweli, nilimshikia bisibisi.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mashine ilinguruma, joto lilikuwa sawasawa, na Nkingwa alitembea kifua mbele. Siku ya kumi na sita, karibu na adhuhuri, Milembe alirudi. Alifungua mlango wa chumba, akasimama kizingitini.

“Baba Shija,” alisema, “hii harufu ya nini?”

Ilikuwa harufu ya mayai viza. Nzito, ya kuchoma pua. Nkingwa alishika kichwa. Mayai ya nyumba ishirini! Habari zilikimbia kuliko mguu, na muda si muda uwanja ulijaa watu. Tuliingia kwa zamu kunusa mashine, kila mtu akitafuta yai lenye jina lake. Mzee Sengerema, jirani yetu, alinusa yai moja moja mpaka akapiga chafya.

Milembe hakulia. Alichukua tochi, akafunika dirisha kwa kanga, akaanza kuyamulika mayai. Akamulika la kwanza, la pili, la kumi. Ndani ya kila moja tuliona kivuli kikicheza.

“Wako hai,” alisema. “Wote hawa wako hai. Basi kinachonuka ni nini?”

Ndipo alipogeuka akatazama pembeni. Betri ilikuwa imetuna ubavu huu na ule, kama mbuzi mwenye mimba ya mapacha. Ilikuwa ikitokota ndani, na ukiisogelea ulihisi joto lake.

Milembe akampigia simu Fundi Holo palepale, sauti akaiweka nje tusikie sote.

“Fungueni mlango na madirisha yote,” alisema Holo. “Mtu asiwashe moto hapo, wala sigara. Baba apande juu afunike paneli kwa mablanketi mazito, ndipo mzitoe nyaya. Betri msiiguse mpaka ipoe. Nakuja na pikipiki.”

Nkingwa alipanda juu ya bati kama kijana wa miaka ishirini. Paneli zikafunikwa, nyaya zikatolewa, harufu ikaanza kupungua. Lakini sasa mashine ilikuwa imenyamaza. Nzega si karibu, na vifaranga mia mbili na arobaini walikuwa wanaanza kupoa.

“Kina mama,” alisema Milembe, “kuku hatuna. Tutaatamia wenyewe.”

Mnacheka? Tuliatamia! Kila nyumba ilichukua mayai yake kumi na mawili. Tuliyafunga kwenye kanga, tukayalaza tumboni, tukakaa uwanjani kwenye mikeka tumejifunika mashuka, na jua likitusaidia. Mzee Sengerema, mgane asiye na mke wa kumsaidia kuatamia, aliyaweka yake ndani ya koti lake la kanisani, akakaa wima bila kupepesa jicho. Mtu akikohoa, uwanja mzima unamwambia, “Taratibu, mama mtu!” Alasiri yote ilikwenda hivyo, kwa nyimbo na utani, na mara moja moja mmoja wetu alipiga kelele: “Ametikisika! Wangu ametikisika!”

Holo alifika jua likiwa limeshuka. Alikuja na betri nyingine na kontrola kubwa kuliko ile ya kwanza. Hakumgombeza mtu. Alisoma maandishi nyuma ya paneli, akazihesabu, akaifunga kontrola ukutani mbali kidogo na mashine, akabonyeza vitufe kuiambia ni betri ya aina gani. Akaunganisha betri kwanza, kisha paneli.

“Mbona unaanza na betri?” Nkingwa aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ili ijue kwanza inamlisha nani, baba.”

Mashine ikanguruma. Tulipiga vigelegele, lakini Holo akasema tusirudishe mayai bado, tungoje joto lifike. Basi Nkingwa, aliyekuwa na aibu ya siku nzima, akapata jambo analolijua. Akamkaribisha fundi chakula. Ugali, mlenda, nyama ya mbuzi. Holo alikula vizuri. Nkingwa akamwongeza. Akala. Akamwongeza tena. Akajitahidi. Mara ya tatu mwiko ulipokuja, Holo aliifunika sahani kwa kiganja chake.

“Nimeshiba, baba.”

“Bado, mwanangu. Umetoka mbali. Kidogo tu.”

“Baba,” alisema Holo, na mkono hakuuondoa, “huu mkono wangu ni mchoyo?”

“Hapana! Nani kasema?”

“Nikiuondoa, utaniongeza mpaka lini?”

“Mpaka chungu kiishe,” Milembe alijibu kwa niaba ya mumewe.

“Basi kontrola ni huu mkono. Jua halijui kama betri imeshiba. Lenyewe linapakua tu. Ile ya kwanza haikuwa na choyo, ilikuwa ndogo. Niliipima kwa paneli mbili, ukaibebesha nne. Ilipolemewa, ukauondoa mkono wenyewe.”

Nkingwa alibaki na mwiko hewani. Alimtazama Holo, kisha akaitazama ile betri iliyotuna, ambayo sasa ilikuwa imetolewa nje na kuegemezwa ukutani.

“Kumbe,” alisema polepole, “hata betri huvimbiwa!”

Tulicheka mpaka nikawasihi: “Msinichekeshe jamani, nina watu kumi na wawili tumboni!” Ndipo wakazidi.

Siku ya ishirini na moja, alfajiri, Milembe alitugongea milango. Tulipofika, mashine ilikuwa ikilia ndani kama mvua ndogo juu ya majani. Maganda yalipasuka moja baada ya jingine. Tulihesabu vifaranga mia moja tisini na tisa. Mzee Sengerema alipata kumi na wawili kamili, hakuna aliyemzidi, na mwezi mzima hatukusikia jambo jingine kinywani mwake.

Kuanzia hapo maneno yale yakaanza kutembea. Mama akimtwisha binti ndoo ya tatu, utayasikia. Mhubiri akipitisha saa, utayasikia kutoka benchi la nyuma. Lakini mimi nayakumbuka zaidi kwa ajili ya siku ya pili ya vifaranga wale. Nkingwa alikuwa amechuchumaa mbele yao na debe zima la pumba, macho yanamng’aa kwa furaha. Akajaza chano, vifaranga wakadonoa. Akainua debe amwage tena. Milembe alifungua kinywa. Kabla hajasema, mumewe alilishusha debe chini, akalifunika kwa viganja vyote viwili.

“Najua, Mama Shija,” alisema. “Najua. Hata betri huvimbiwa.”