Nani Ashike Magobori ya Itumbiko

Hapo zamani, watu wa bara walipokuwa bado wanapigana kwa mikuki na mishale, alitokea mtu mmoja aitwaye Lugeleka. Watu wake walibeba magobori, zile bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Kila mji uliosikia mlio wake ulipiga magoti.

Mji wa Itumbiko nao ulipiga magoti. Mtemi wao, Sisa, alikubali kumpa Lugeleka vijana kila baada ya mavuno, wapelekwe utumwani, ili mji usichomwe moto. Mwaka wa kwanza vijana wakatolewa. Watu wakalia, wakanyamaza.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo mtoto wa kiume wa Nyamizi, mjane aliyelima mtama karibu na boma. Mwaka wa pili likatajwa jina la binti yake, Mbuke. Nyamizi hakulia. Wajumbe wa Lugeleka walipofika, walimkuta ameshateremsha magogo ya lango, amesimama nyuma yake na mpini wa jembe mkononi.

"Mwambieni bwana wenu," alisema, "hapa hachukui tena mtu."

Mtemi akaja mbio. "Nyamizi, umetuua! Fungua!"

"Sifungui, Mtemi. Mwaka jana lilifunguliwa, mwanangu akatoka. Leo anayetaka kufungua, anipite mimi kwanza."

Wanawake wengine wakaja, wakaegemeza migongo yao langoni. Wajumbe wakaondoka wakitukana. Sasa vita ilikuwa njiani, watake wasitake.

Mtemi akamwita Mihambo, jemadari mzee. Huyu alikuwa amewahi kupigana na Lugeleka, akashindwa vibaya. Aliona safu nzima ya watu wake ikianguka bega kwa bega, na aliporudi hai watu walimcheka. Akasema, "Gobori linalia mara moja. Kisha mwenyewe anamimina baruti, anatia risasi, anashindilia. Wakati huo ni kama mtu anayetwanga tu. Kateni mipini ya mikuki, iwe mifupi ya kuchomea. Chimbeni mtaro nje ya boma, tulale humo mpaka magobori yalie."

Askari wakachachamaa. "Tulale chini mbele ya adui? Babu zetu walikufa wamesimama!"

"Ndiyo," Mihambo akajibu. "Walikufa."

Wakachimba. Juu ya mtaro wakasimamisha ngao kwenye miti, adui adhani ni watu azipige. Mihambo akaamuru: asiinuke mtu kabla bunduki hazijalia.

Lugeleka alikuja asubuhi, jua likiwaka. Lakini hakuwa mjinga. Aliona ngao hazitikisiki. Akawazuia watu wake wasipige, akawaambia wasogee. Wakasogea. Wakasogea tena. Nyamizi alikuwa akichungulia kwenye upenyo wa boma. Wakifika ukingoni mwa mtaro, aliwaza, watawaua wale vijana kama panya shimoni, na aliyefunga lango ni mimi.

Hapo mtu mmoja akaruka nje ya mtaro. Alikuwa Kasanda, askari wa kawaida, hana cheo.

"Lala chini!" Mihambo akamfokea.

Kasanda hakulala. Alikimbia uwanjani akijipiga kifua. "Mimi ni Kasanda! Nipigeni basi, waoga nyie!"

Magobori yote yakamgeukia, yakalia. Moshi ukatanda. Mihambo akapuliza pembe, askari wakamiminika na mikuki mifupi, wakawafikia adui bado wanashindilia. Lugeleka akakimbia, na magobori yake yakabaki yametapakaa kwenye mtama. Kasanda aliokotwa hai, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umesagika.

Kasanda alipopata nafuu, Mtemi akayarundika magobori uani. "Haya yatashikwa na mtu mmoja," alisema. "Atakayeyashika ndiye atakayeamua Itumbiko ipigane lini, na nani. Hata mimi nitamtii."

Mihambo akasema, "Ni yangu. Bila mtaro wangu na mikuki yangu, huyu mama angefunga lango, tungeungua ndani ya boma. Na huyu kijana alivunja amri. Jeshi la watu wasiotii halifiki mbali."

Kasanda akasema, "Ni yangu. Mzee, hila yako ilikuwa imekwisha kushindwa. Ningekutii, tungekufa sote tumelala. Tazama mkono wangu!"

Nyamizi akasimama. "Ni yangu. Nyie mlikuwa na mikuki mwaka jana pia, na miguu ya kukimbilia pia. Mwanangu alipotolewa, mlikuwa wapi?"

"Ulituingiza vitani bila kutuuliza," Mihambo akamwambia.

"Na nyie mlimtoa mwanangu bila kuniuliza."

Mtemi akawatazama mmoja mmoja. Mwanamke alimkaidi mtemi. Jemadari aliikaidi mila ya mababu. Askari alimkaidi jemadari. Na yeye mwenyewe, aliyetii kila alichoambiwa, asingekuwa na mji leo kama hawa watatu wangekuwa kama yeye.

Mpaka leo hajatoa uamuzi.

Basi semeni nyie mliosikia: Nyamizi, Mihambo au Kasanda, nani alistahili kushika magobori yale?