Matanga ya Warumi

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Mnaitikia kama mmemeza pamba. Paukwa!

— PAKAWA!

Pakawa na nini?

— Tuambie wewe!

Pakawa na jumba la mawe, halina paa, halina mlango, lakini lina bawabu! Haya, sogeeni, kila mtu achukue hindi lake. Tunapukuchua huku tunasikiliza. Kuingia kwenye hadithi yangu ni bure kabisa, wala sitaki asante.

Hapo kale walikuwapo Warumi. Warumi ni watu gani? Usiniulize, Sefu, mimi nimezaliwa juzi tu. Ninachojua ni kwamba walipenda mawe. Walijenga jumba la mviringo, kubwa, refu, lenye ngazi za kukalia pande zote. Wakakaa kwenye ngazi wakamtazama simba akila watu. Walipochoka kutazama, wakafa. Jumba likabaki.

Likabaki na nani? Na Fisi.

Fisi alilikuta liko tupu, matao yake yote wazi, upepo unaingia huku unatokea kule, vuuu! Akakata miiba, akaziba tao hili, akaziba tao lile, akaacha moja tu. Pale akakaa, tumbo mbele, akajiita Fisi Kaisari. Wanyama walikuwa wanapita pale miaka yote bila hata kugeuza shingo. Walipoona pamewekwa lango, wote wakataka kuingia. Ndivyo walivyo wanyama.

Akaja Kongoni, kwata-kwata-kwata.

"Hodi!"

"Hodi ya bure au hodi ya kulipa?"

"Ya bure, Kaisari."

"Ya bure ni Jumapili ya kwanza ya mwezi."

"Jumapili ya kwanza ni lini?"

"Ilikuwa jana."

"Basi ya kulipa. Kiasi gani?"

"Mguu mmoja."

"Mguu wangu?"

"Kwani umekuja na wa nani? Wazee tunawapunguzia, wanatoa mkia. Watoto wanatoa sikio. Wewe ni mzee?"

"Hapana."

"Ni mtoto?"

"Hapana."

"Lete mguu."

Kongoni alitaka sana kuona. Akatoa mguu. Akaingia kwata-kwata-puu, kwata-kwata-puu, akatazama mawe, akatoka. Wenzake wakamuuliza umeona nini. Akaona haya kusema ameona mawe. Akasema, "Lo! Siwezi hata kuwasimulia." Foleni ikawa ndefu mpaka mtoni.

Akaja Simba mzee, meno yamebaki mawili, nayo hayaelewani.

"Hodi!"

"Hodi ya bure au hodi ya kulipa?"

"Mimi mnipunguzie. Babu yangu alifanya kazi humu ndani."

"Aliyefanya kazi ni babu yako. Wewe ni mtalii. Lete mkia."

"Na Jumapili ya kwanza ni lini?"

"Ilikuwa jana. Hi-hi-hi-hiii!"

Ilikuwa jana! Kila siku ilikuwa jana! Na nyuma ya lango, chini ya ngazi, ghala la Fisi likajaa miguu, mikia na masikio. Hakumgawia hata mkewe. Mimi mtu wa namna hiyo simpendi, nawaambia mapema ili msije mkasema nimeficha upande wangu.

Sasa, mbali kidogo na pale aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, kama sungura aliyekatwa masikio. Huyu wetu aliitwa Bi Sikudhani, na alikuwa mjamzito, tumbo linagusa chini. Pimbi hazai uwandani. Akizaa uwandani, Tai anashuka, fyuu! na habari inaishia hapo. Pimbi anazaa kwenye ufa wa jiwe, na uwanda wote ule haukuwa na mawe mengine ila ya Warumi.

Bi Sikudhani akajikokota, ki-ki-ki, akafika langoni. Hakupanga foleni. Hali yake aliiona kila mtu, wakampisha.

"Hodi, Kaisari."

"Hodi ya bure au hodi ya kulipa?"

"Baba, nionee huruma. Nataka ufa mmoja tu, nizae. Sitatazama chochote. Nitafumba macho."

Fisi akamtazama kichwa, akamtazama miguu. Miguu ya pimbi ni mifupi, haijazi hata shavu. Akalitazama tumbo.

"Utazaa wangapi?"

"Sijui. Labda watatu."

"Basi nakupunguzia. Wawili wako, mmoja wangu. Na huyo mmoja awe mnene."

Bi Sikudhani akaogopa. Juu Tai anazunguka, mbele Fisi anameza mate, na mtoto ndani anapiga teke. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Usijibu, Zaituni, pukuchua. Yeye aliuliza swali.

"Kaisari, hivi mawe haya ni ya nani?"

"Ya babu zangu!" Fisi akajipiga kifua. "Warumi walikuwa babu zangu wa damu. Walipokufa nikarithi. Ndiyo maana natoza."

"Babu zako wa damu?"

"Wa damu! Tazama shingo yangu. Hii ni shingo ya Kirumi."

Bi Sikudhani akashika kichwa kwa mikono miwili, akajibwaga chini, puu!

"Uuuwi! Uuuuuwi! Pole, Kaisari! Pole, jamani, poleee!"

Fisi akaruka. "Pole ya nini?"

"Umefiwa!"

"Nimefiwa na nani?"

"Babu zako! Warumi! Wamekufa wote, wote, hakubaki hata wa kufunga mlango!"

"Aa, hao walikufa zamani."

"Na matanga mliweka lini?"

Fisi akakuna sikio. "Matanga... hatukuweka."

Foleni nzima ikaguna. Mmmmh! Hawakuweka matanga! Twiga akainamisha shingo mpaka chini. Nyumbu akamnong'oneza Nyumbu mwenzake, "Umesikia? Babu wa damu, na hakuwekewa hata mkeka."

"Na sisi je!" akalia Bi Sikudhani. "Tunapita hapa kila siku, tunasimama kwenye foleni, hata pole hatujampa! Majirani gani sisi? Kaisari, tandika mkeka. Leo tunakaa matanga, na rambirambi zitakuja."

"Rambirambi?" Fisi akaacha kukuna sikio. "Kila mtu huleta?"

"Kila mtu."

Fisi akapiga hesabu kichwani. Kwenye foleni kulikuwa na wanyama mpaka mtoni. Udenda ukamtoka, tii, tii. Akakunja uso, akasema kwa sauti ya majonzi, "Kwa kweli nimekuwa nikiumia sana moyoni."

Akatandika mkeka katikati ya uwanja, akakaa. Wanyama wakaanza kuingia. Hodi hakuna, kwa kuwa msibani watu hawabishi hodi, wanaingia wanalia. Na tangu lini mfiwa akatoza kiingilio? Wakaingia wote, Twiga, Punda, Kobe, Ngiri na wanawe, wanaimba:

*Warumi wee, Warumi,*
*mmeondoka bila kuaga!*
*Mmetuachia mawe,*
*mmemwacha Fisi mlangoni!*

Wakati wanaimba, Bi Sikudhani akapenya katikati ya miguu yao, ki-ki-ki, akapanda ngazi moja, akapanda ya pili, akaona ufa mzuri, mkavu, wenye joto la jua. Akajiingiza.

Chini, rambirambi zikaanza kutolewa. Twiga akatoa jani. Punda akatoa jani alilokwisha kulitafuna. Kobe akasema yeye hana kitu ila ataleta chozi, likiwa tayari. Fisi akataka kufoka. Lakini mfiwa hadai rambirambi. Anapokea alichopewa, anasema asante. Akasema asante, asante, asante, mpaka akachoka.

"Haya," akasema Simba mzee, "na chakula?"

"Chakula gani?"

"Tumetoka mbali kukulilia babu zako. Mwenye msiba ni wewe."

"Msiba gani huu hauna hata chai?" akadakia Ngiri.

"Nilishasema mimi," akanong'ona Nyumbu, na safari hii alinong'ona kwa sauti kubwa.

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Ukisema wewe ni mjukuu, utawanyimaje chakula waombolezaji wa babu yako? Akaenda ghalani, shingo imelegea, akaleta nyama. Simba akala, Chui akala, Mbweha akala. Wala majani wakaomba chai. Ikapikwa. Wakasema haina tangawizi. Ikapikwa tena.

Fisi mwenyewe akanyoosha mkono apate angalau mkia mmoja. Mbweha akamshika.

"Kaisari! Una majonzi, huwezi kula!"

"Naweza."

"Huwezi! Mfiwa gani anakula hivyo? Lia!"

Fisi akalia, kwi-kwi-kwi. Akanyoosha tena mkono. "Lia!" Akalia tena. Nawaambia alilia machozi ya kweli, maana nyama ilikuwa inapungua machoni pake.

Na bado. Akaja Nyani, mtani wa Warumi. Nani alisema ni mtani wao? Nyani mwenyewe. Alijifunga shuka, bega moja nje, akalala chali mbele ya ghala.

"Mimi ndiye marehemu," akasema. "Sitaki kuzikwa mpaka mjukuu wangu anipe paja."

"Toka hapo!"

"Lo, mjukuu ananifukuza! Na shingo yake mbaya kama kiatu kilichonyeshewa, kumbe ndiyo aliyosema kairithi kwangu!"

Watu wakacheka wakigaragara. Mtani hasusiwi wala hapigwi, mnajua wenyewe. Fisi akatoa paja.

Kongoni naye, kwata-kwata-puu, akachungulia ghalani. "Jamani, mguu ule naufahamu!" Akauchukua, akaubandika kwa ulimbo. Ulikaa upande kidogo. Mpaka leo mtazameni kongoni anavyokimbia, kama mtu aliyevaa mguu wa kuazima.

Kisha Simba akasimama atoe neno juu ya marehemu.

"Babu yangu aliwajua Warumi kwa karibu sana," akasema. "Walikuwa watu wema. Walikuwa laini. Walikuwa hawana mifupa mingi." Akapangusa chozi, akakaa.

Matanga yakaendelea mpaka ghala likabaki na masikio matatu. Fisi akasema kwa sauti iliyokauka, "Ahsanteni. Sasa tuanue matanga, kila mtu aende kwake."

Juu kwenye ufa kikatokea kichwa kidogo. Ni Bi Sikudhani. Alikuwa amekwisha kujifungua, watoto watatu, wazima, wote wake.

"Ndiyo, Kaisari, ya huyu tunaanua," akasema. "Kesho tunaanza ya wa pili."

"Wa pili nani?"

"Mrumi wa pili. Au unataka kuwalilia babu zako kwa jumla, kama mchele?"

"Kwani... kwani walikuwa wangapi?"

"Hesabu viti."

Fisi akainua macho. Akaona ngazi. Juu ya ngazi, ngazi. Juu ya ngazi ile, ngazi nyingine, zinazunguka jumba lote mpaka mbinguni, na kila ngazi ina mahali pa kukaa makalio ya Mrumi, na kila makalio yanadai matanga yake, na chai yake, yenye tangawizi.

"Si babu zangu!" akapiga kelele. "Siwajui! Sijawahi kumwona Mrumi tangu nizaliwe! Mimi ni fisi! Fisi tu!"

Nyani akafufuka, akakaa.

"Kumbe si babu zako?" akauliza Bi Sikudhani, taratibu, huku ananyonyesha.

"Si babu zangu!"

"Basi hapo langoni ulikuwa unakaa kama nani?"

Fisi akawatazama waombolezaji, waombolezaji wakamtazama. Simba mzee akaanza kupiga miayo, na hata meno mawili ni meno. Fisi akashika njia, pukupuku-pukupuku, hakurudi kuchukua mkeka. Wanyama wakang'oa miiba kwenye matao yote, upepo ukaingia tena, vuuu! Na walipoona hakuna lango, wengi wao hawakutaka tena kuingia.

Bi Sikudhani akabaki na ufa wake. Watoto wakakua. Siku moja wamekaa kwenye ngazi wanaota jua, wakasikia nje, mbele ya tao ambalo halina chochote, sauti nyembamba ya mtu mwenye njaa.

"Hodi!"

"Hodi ya bure au hodi ya kulipa?" wakauliza watoto.

"Ya bure, wanangu. Nimesikia Jumapili ya kwanza ya mwezi mnaingiza bure."

"Ndiyo, bure."

"Na Jumapili ya kwanza ni lini?"

Watoto watatu wakajibu kwa pamoja:

"Ilikuwa jana!"

Basi hadithi yangu imegonga ukuta. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.

Na funzo lake? Funzo ni hili, na mlishike: lipeni kiingilio kamili siku zote, msitafute kupunguziwa, msidanganye bawabu, na kamwe msiende kumlilia mtu msiyemjua. Mmeona wenyewe yaliyompata Bi Sikudhani. Alipata watoto watatu na nyumba ya mawe. Mnataka yawapate na nyinyi?

— Ndiyo!

Hamna adabu. Haya, simameni muende. Aa, Sefu, subiri, unakwenda wapi? Nilisema kuingia ni bure. Kutoka, kila mmoja ananipukuchulia debe moja.

Kutoka bila kupukuchua? Ipo siku yake, mwanangu. Ilikuwa jana.