Mwenye Kadi ya Mashavu

Alikuwapo mwanamke aitwaye Mashavu, na siku moja akakuta jina lake limeshachukuliwa. Bi Salha, tajiri wa mjini, alijitengenezea kadi yenye sura yake na jina la Mashavu, akaja nayo kudai shamba la minazi la Mashavu.

Mashavu alikimbilia kwa ofisa wa ardhi, aliyekuwa mgeni pale. Salha naye akamfuata huko, na ofisa akaitazama kadi aliyokuja nayo.

"Kadi inasema Mashavu ni huyu. Yako iko wapi?"

"Iliibwa, bwana."

"Basi wewe si mtu."

Salha alicheka, bangili zake za dhahabu zikalia. "Nenda kapike, mama."

Mashavu akainamisha kichwa. "Kweli, bwana, Mashavu ni yeye. Basi nimpe pole. Mumewe, Hamadi, amefariki alfajiri."

Hamadi, mume wa Mashavu mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi ubavuni pake, alitaka kuuliza amefariki kwa maradhi gani, akakanyagwa mguu.

"Jamani," Mashavu aliwaambia majirani waliojaa mlangoni, "mfiwa huyu hapa. Mvueni dhahabu, mumkalishe eda. Asitoke ndani miezi minne!"

Wanawake wakamvamia Salha, huyu mkono, yule bangili.

"Niacheni! Mume wangu hajafa!"

"Hamadi amekufa, dada. Jikaze."

"Hamadi simjui! Mume wangu ni Shekue, yuko nje kwenye gari!"

Ofisa akainua kalamu. "Shekue ni mume wa nani?"

"Wa Salha binti Mbaruku! Mimi hapa!"

Mashavu akamwinua marehemu kwenye benchi, wakaenda kuangua nazi zao.