Msomaji wa Barua za Gereza

Mama mmoja huko Uturuki alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Nevzat, aliandika gazetini kwamba mgodi wa mji wao umeua watu na wakubwa wamenyamaza, akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Mdogo, Rifki, alikuwa karani katika gereza alimofungwa kaka yake. Kazi yake ilikuwa kusoma barua za wafungwa kabla hazijatoka, na kupaka wino mweusi juu ya kila neno lililokatazwa.

Simlaumu kwa kutafuta mkate. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini Rifki aliinama kupita walivyomtaka. Aliogopa wenzake wasije wakasema anambeba kaka yake, basi barua za Nevzat akazifuta kuliko za mtu mwingine yeyote. Alifuta habari za mgodi. Alifuta habari za kikohozi cha kaka yake. Hata salamu kwa majirani alizifuta, asije mtu akadhani ni fumbo.

Na mama yao hakujua kusoma. Barua ilipofika nyumbani, wa kumsomea alikuwa nani kama si Rifki huyohuyo? Alisoma mistari iliyosalia, na akifika penye wino akaruka. Mama alipouliza pale pamesemwa nini, alijibu kwamba gereza limefuta, yeye hajui. Alisema hivyo miaka minne, masikini, na vidole vyake vina wino.

Mwaka wa tano mama akaugua, na daktari akasema hatamaliza wiki. Akaomba aletewe barua zote kitandani. Rifki akaanza kusoma kama kawaida, mama akamshika mkono.

"Hayo nimeshayasikia, mwanangu. Leo nisomee palipo peusi. Najua ni wewe uliyefuta, wala sina hasira nawe."

Rifki akalia. Kisha akataka kumwambia yote, akataka kwa moyo wake wote. Akazipekua barua moja baada ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Alikumbuka kwamba palikuwa na kikohozi, palikuwa na majirani, lakini maneno yenyewe ya kaka yake hakukumbuka hata moja. Miaka yote hiyo alikuwa akisoma ili afute, hakuwahi kusoma ili asikie. Mama alingoja ametega sikio mpaka adhuhuri. Alfajiri ya pili akafa, hajaambiwa kitu.

Nanyi mnaonisikiliza, siku mtakapoombwa maneno ya ndugu zenu mliyoyafuta kwa hofu, mtamjibu nini anayengoja?