Hansa Hakuwa na Mtani

Hapo zamani, si zamani ya mbali, maana nilikuwa nauza maandazi nje ya geti na yote nikiyasikia, palikuwa na shule ya msingi katikati ya jiji, yenye watoto wa kila asili. Mwalimu Tumpale wa maarifa ya jamii akaleta somo lake: watoto wataniane darasani, kabila kwa kabila, kama babu zao walivyotaniana. Mzaramo akamwandama Mnyamwezi, Mnyamwezi akamrudishia. Vicheko vikafika mpaka kwenye karai langu.

Ila Hansa, binti wa fundi saa wa Kihindi, hakuwa na mtani. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemgusa. Akaacha kuja.

Mwalimu Mbonea, mwenzake Tumpale wa somo hilohilo, akapanda ghorofani kwao. Wenye midomo walisema alifuata chapati. Mimi nilisema kidogo tu. Mama Hansa akamwambia, "Mwanangu anakaa humo darasani kama mgeni msibani, mwalimu. Tunamhamisha." Mbonea akambembeleza mpaka akalegea.

Hansa akarudi, akakaa kimya vilevile. Siku hiyo wageni wa chuo kikuu walikuwa wameketi nyuma ya darasa. Mwalimu Ngonyani, Mngoni, wa tatu katika somo hilo, akasimama.

"Hansa, kuanzia leo Wangoni na nyinyi ni watani. Babu yako alimuuzia babu yangu kitambaa kifupi, kikafunika goti moja."

Hansa akainuka taratibu. "Kitambaa kilikuwa kizima, mwalimu. Babu yako ndiye aliyekuwa mpana."

Wageni wenyewe walifuta machozi kwa kucheka. Kumbe walikuja na nafasi moja ya shahada ya uzamili, kwa mwalimu wa maarifa ya jamii katika shule za mjini zilizochanganyika kama ile. Wakamwambia mwalimu mkuu, Bi Siwema, amtaje anayestahili.

"Somo ni langu," akasema Tumpale. "Bila mimi wageni wangekuta ramani ya mito ubaoni."

"Somo lako ndilo lililomfukuza mtoto," akasema Mbonea. "Aliyemrudisha ni mimi."

"Ulimrudisha akanune palepale," akasema Ngonyani. "Aliyemfungua mdomo ni mimi."

"Nisingemleta ungemtania nani, baba? Dawati?"

"Na utani gani huo," akadakia Tumpale, "unaozuliwa na mtu mmoja asubuhi moja?"

"Wa babu zetu nao," akajibu Ngonyani, "kuna siku ulianza."

Bi Siwema akawatazama wote watatu, na nafasi ni moja. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkila maandazi yangu: mngekuwa Bi Siwema, mngempeleka nani chuoni?