Mkanda wa Chande

Sogeeni, nina kesi. Mbwilo ana macho, hakuna ngumi asiyoiona. Kocha Gervas ana ubishi. Dada mmoja, jina lake Sikujua, ana roho ngumu kuwapita wote. Mgonjwa ni Chande, mdogo wake Sikujua, bingwa wetu wa ngumi hapa Tandale.

Siku hiyo Chande anazichapa na Mbwilo. Akala moja ya sikio, chini! Mwili ukakakamaa, povu mdomoni. Mtaa mzima: "Mbwilo kampasua ubongo!" Wakamtandika mawe.

Mbwilo hakukimbia. Alimfuata daktari hospitalini damu zinamchuruzika. "Dokta, mkono wake wa kushoto ulishuka wenyewe kabla sijampiga. Niliuona umekufa, nikapita hapohapo." Daktari akasema basi ugonjwa ulikuwepo kabla ya ngumi. Chande akapigwa picha ya kichwa. Ubongoni kuna vivimbe.

Ndugu wakasema hiyo kansa, akafie nyumbani. Kocha akaziba mlango. "Hatoki mtu! Dokta, huyu anapungua uzito bila kukimbia, usiku analowesha godoro kwa jasho. Mimi mjinga nilikuwa namsifia." Wakapima makohozi. TB. Imetoka kifuani, imepanda kichwani. "Inatibika," daktari akasema, "ila dawa ni mwaka mzima, na mwanzoni anaweza kuzidiwa."

Akazidiwa kweli. Degedege, matapishi, kichwa kinamuuma mpaka anang'ata shuka. Shangazi yao akaja juu: "We Sikujua, dawa zinamuua, mpeleke kwa mganga!" Chande mwenyewe akalia: "Dada, niache nife."

"Utakufa baadaye. Meza kwanza."

Hivyo kila siku, mpaka kibarua chake Sikujua kikaota nyasi.

Chande kapona. Ila mkono wa kushoto haukunji ngumi tena. Juzi kauvuta mkanda wa ubingwa chini ya kitanda. "Mimi na ulingo basi. Achukue aliyenirudisha."

"Bila mimi ungeshaoza," Kocha akasema.

"Bila mimi wangetibu ngumi," Mbwilo akajibu.

"Uliona mkono umekufa, ukapiga!"

"Na wewe uliona anakonda, ukapiga makofi!"

Sikujua akainuka. "Nikipewa mimi, nautupa chooni."

Chande bado kaushikilia, kwa mkono ule mmoja, hamwangalii mtu. Haya, we uliyekaa hapo: ungemvisha nani?