Ngoma Iliyopigwa Kabla ya Jua Kuzama

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kijiji kidogo cha Karangwening, kwenye miteremko ya mlima wa moto huko Java, aliishi mja mmoja mcha Mungu aliyeitwa Kasan Munawi. Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba chache za mianzi katikati ya mashamba ya mpunga, na msikiti wa mbao ambao barazani mwake ilining'inia ngoma kubwa ya ngozi ya nyati. Usishangae, ewe msomaji. Watu wa huko hupiga ngoma kwanza, ndipo muadhini akaadhini, kwa kuwa mabonde yao ni mapana na sauti ya mwanadamu haifiki mbali. Mwezi wa Ramadhani kijiji kizima kilifuturu kwa ngoma hiyo.

Kuipiga ilikuwa kazi ya Mzee Kasan, na kabla yake ya baba yake. Kwa ajili ya kazi hiyo aliachiwa kipande cha shamba la msikiti alime mpunga. Yeye na mkewe, Nyai Tumirah, hawakuwa na shamba jingine duniani.

Ikawa siku moja ya Ramadhani mlima ule ukafuka. Majivu yakatanda angani, alasiri ikawa giza, kuku wakaenda kulala na popo wakatoka. Watu wakakusanyika barazani na viazi vitamu vyao na vibuyu vya maji, wakangoja. Mzee Kasan akatazama magharibi, asione ila weusi.

"Mzee Kasan," akasema mkuu wa kijiji, Bwana Wiryadikrama, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi, "unangoja malaika aje akushike mkono? Watu wamekauka koo!"

Wengine wakacheka, wengine wakanung'unika. Mzee Kasan alikuwa na shaka moyoni, na sheria aliijua vizuri: mwenye shaka kama jua limekuchwa huendelea kufunga. Lakini aliyahisi macho ya watu mgongoni mwake, akaona haya. Akauchukua mkwiro, akapiga. Watu wakafuturu, naye akanywa mafunda ya maji pamoja nao.

Kisha akashuka nyuma ya msikiti kwenye mfereji ili atawadhe. Alipoinua uso, upepo ukalipasua lile wingu upande wa magharibi, na jua akaliona. Lilikuwa jekundu, zima, juu kabisa ya vilima. Mara wingu likajifunga tena.

Hakuna mwingine aliyeliona, kwani wote walikuwa wameinamia vyakula vyao. Na shetani, kama kawaida yake, hakuchelewa kufika: Watu wamekula kwa nia safi, hawana dhambi, kwa nini uwasumbue? Na shamba je? Na Nyai Tumirah atakula nini? Mzee Kasan aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini juu kule muadhini alikuwa amekwisha kusukutua kinywa, na watu walikuwa wanataka kuswali Magharibi kabla ya wakati wake. Akapanda ngazi mbio, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Enyi watu, acheni kula! Jua halijazama, nimeliona kwa macho yangu. Nilipiga ngoma nikiwa na shaka. Kosa ni langu."

Mikono ikabaki hewani. Bwana Wiryadikrama akatazama huku na huku.

"Liko wapi hilo jua? Mbona sisi hatulioni?"

"Limefunikwa tena, Bwana."

"Basi kama limefunikwa, si uliache lifunikwe!"

Imamu wao, Kiai Mursada, mtu wa maneno machache, akamgeukia Mzee Kasan.

"Una hakika, Kasan?"

"Kama ninavyokuona wewe, Kiai."

"Basi tujizuie mpaka jua lizame," akasema Kiai. "Na siku hii tutailipa baada ya Idi, inshallah."

Watu wakatii, lakini kwa nyuso zilizokunjamana. Kabla hawajatawanyika usiku ule, mkuu wa kijiji akasimama akasema kwamba mtu asiyejua mchana na usiku hawezi kupigia Waislamu ngoma. Kazi akapewa mpwa wake, Suradi, na shamba likaifuata kazi. Kiai hakupinga, maana kosa lilikuwa limetendeka kweli. Mzee Kasan akainamisha kichwa, akaupeleka mkwiro kwa Suradi kwa mikono yake miwili.

Ungedhani yamekwisha. Lakini Mzee Kasan alipofika nyumbani hakukaa. Alimkumbuka Mbok Suminten, ajuza muuza dawa za majani, aliyekuwa amepumzika jioni ile na kikapu chake kando ya kisima cha kijiji. Yeye naye alikunywa maji kwa ngoma ile, kisha akajitwika kikapu akaenda zake kwenye vijiji vya mlimani kabla tangazo halijamfikia.

"Kesho namfuata," akamwambia mkewe.

"Kule mlimani kwenye moto? Mume wangu, mwanamke yule amekula kwa kutojua, na Mola ni Mwingi wa kusamehe."

"Yeye hana kosa, Nyai. Lakini akifa kabla hajailipa siku ile, aliyemfanya afungue ni mimi. Nitamjibu nini Mola wangu?"

Nyai Tumirah alimjua mumewe. Akamfungia wali wa kufuturia katika jani la mgomba, akamwombea dua.

Mzee Kasan akaondoka baada ya Alfajiri, naye amefunga. Majivu yalimfika vifundoni. Njiani alikutana na watu wakishuka na watoto na mbuzi wao, wakamwambia, "Mzee, wewe peke yako unapanda? Rudi!" Akawashukuru, akawauliza kama wamemwona muuza dawa, akaendelea. Kila kijiji alichofika akaambiwa ajuza amepita, yuko mbele. Akalala kwenye msikiti wa watu asiowajua, akafunga tena, akapanda tena. Koo lilimwuma na miguu ikamvimba, wala hakusema atarudi.

Alimkuta kwenye soko la juu, amekaa chini ya kibanda, anakung'uta majivu kwenye majani yake. Akamweleza habari yote bila kujitetea.

"Subhanallah!" akasema Mbok Suminten. "Kwa siku moja ya ajuza kama mimi umepanda mlima unaotema moto?"

"Siku ni yako, mama. Mimi nimekuharibia."

Ajuza akalia. "Nitailipa inshallah. Na wewe nimekusamehe mbele ya Mola wangu."

Mzee Kasan akashuka na moyo mwepesi. Alipofika Karangwening ilikuwa jioni, mawingu yametanda vilevile, na watu wako barazani. Hakujua kwamba wale waliokuwa wakishuka mlimani walikuwa wamepita kijijini na kusimulia habari za mzee mmoja aliyewauliza juu ya muuza dawa. Akaketi nyuma kabisa, penye viatu.

Suradi akapiga ngoma.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Kasan akashangaa kimya kile, akainua macho, akaona baraza lote limemgeukia yeye. Bwana Wiryadikrama alikuwa ameshika kiazi, naye pia anamtazama.

Mzee Kasan akasimama, akashuka ngazi, akatazama magharibi. Wingu tupu. Akatazama sana.

"Nina shaka," akasema. "Subirini."

Wakasubiri. Kiu ilikuwa ileile, na hakuna aliyenung'unika, wala yeye hakuona haya kuwasubirisha. Giza lilipoingia hata shaka ikaondoka, akasema bismillahi, akanywa. Ndipo mkuu wa kijiji naye akanywa, na watu wote wakafuturu.

Shamba halikurudi. Lilibaki kwa Suradi, na Mzee Kasan aliishi kwa kusuka mikeka mpaka kufa kwake. Lakini miaka yote hiyo, Suradi alipiga ngoma, na watu wa Karangwening hawakutia kitu kinywani mpaka wamwone Kasan Munawi amekunywa.

Basi ndugu yangu, ukikosea mahali asipokuona mtu, kumbuka kwamba amekuona Asiyelala. Sema kweli mapema, ingawa itakugharimu. Mola atujaalie ujasiri wa mja wake yule, na atughufirie yale tuliyoyanyamazia.